Kompyuta Zilizoogopa Wageni

Kompyuta za ofisi yetu zilikuwa na ugonjwa wa kuogopa wageni. Tukiwa wenyewe zilifanya kazi vizuri, ungedhani zimetoka dukani asubuhi hiyo. Aingie mgeni, apewe kiti, afunguliwe soda, aonyeshwe video, basi video inakwama, skrini inaandika kwamba programu imeacha kufanya kazi, kisha inajifunga. Aibu yote inanirudia mimi Maroa, kwa sababu mimi ndiye fundi, na ni mimi niliyetangaza mbele ya watu kwamba hakuna kompyuta inayonishinda.

Niseme mapema kwamba sina subira. Kwetu Kegonga wanajua, ndiyo maana hakuna aliyenizuia nilipopata kazi mbali. Kikundi cha akina mama wanaokausha omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Sindo kiliniajiri nitunze kompyuta tatu na kuwafundisha kuzitumia, nami nikakubali ingawa Kijaluo changu hakizidi salamu na majina ya vyakula. Tunaelewana kwa Kiswahili. Ofisini tunashinda wawili, mimi na Lynnet wa hesabu, dada makini asiyependa kelele hata kidogo. Mwenyekiti wetu ni Mama Phelesia, mjane mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya pili ya soko.

Video iliyotutesa ilikuwa ya Mama Scovia. Joyline, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Rongo, alikuja na kamera yake akamrekodi Mama Scovia akifundisha namna ya kukausha omena juu ya chanja badala ya kuwamwaga chini mchangani. Alipomaliza aliniachia video kwenye flashi, akarudi kufanya mitihani. Mpango ulikuwa wanachama wakae pamoja waitazame, halafu tuwe tunawaonyesha wageni wote wanaokuja kujifunza.

Sasa, ili uelewe ni kwa nini video ya samaki ilinikosesha usingizi, lazima ujue kwamba Mama Phelesia na Mama Scovia ni wake wenza. Mume wao, marehemu Zadock, alimwoa Phelesia kwanza, kisha akaenda milimani kwa Wakisii akamleta Scovia. Nyumba zao zinatazamana katika boma moja. Baada ya mazishi ya Zadock waligombana na wakanyamaziana miaka mingi. Ugomvi wenyewe ulianzia wapi sijui. Lynnet anasema ni redio ya marehemu, mama wa dukani anasema ni mbuzi. Ninachojua ni kwamba mpaka nilipoajiriwa, Mama Scovia akilazimika kusema na Mama Phelesia alisema naye kwa Kiswahili, lugha ya ofisini na ya watu wasiojuana, na alimwita Mwenyekiti.

Kikundi ndicho kilichoanza kuwalainisha. Siku ofisi ilipofunguliwa, Mama Scovia alikuja na mfuko, akatoa vitambaa vitatu alivyofuma kwa mkono wake, vyeupe, vyenye maua ya buluu pembeni, kimoja kwa kila sipiyu, lile sanduku la kompyuta. Alisikia kwamba vumbi huua kompyuta, kwa hiyo akashonea ndani kitambaa kizito cha satini ili pasipite hata chembe. Mama Phelesia alivipokea kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Kisha na yeye akafanya lake: Joyline alipouliza ni nani afundishe kwenye video, Mama Phelesia, ambaye hupenda sana kusimama mbele ya kamera, alisema hakuna anayemfikia nyieka kwa kukausha omena. Nyieka maana yake mke mwenzangu. Lynnet aliniambia hilo neno halikuwa limetoka mdomoni mwa Mama Phelesia tangu mazishi.

Basi siku ya kwanza tuliwaita wanachama wote. Lynnet alifagia, akapanga viti, akaandaa soda, nami nikaunganisha spika. Video ikaanza vizuri. Joyline alikuwa ameanza na ufuo, mitumbwi, wanawake wakibeba beseni, na Mama Scovia akaja baadaye kidogo. Alipotokea tu kwenye skrini, akiwa ameshika omena kwenye viganja, picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi, halafu pleya, ile programu ya kuchezea video, ikajifunga. Nikafungua tena, ikafika hapo karibu, ikajifunga. Nikahamia kompyuta ya pili, mambo yakawa yale yale. Watu walicheka kidogo kwa upole, kama mtu anavyomcheka mtoto wa mwenzake akianguka. Mama Scovia hakucheka.

“Ni kitu kidogo,” nikasema. “Nitarekebisha.”

Jioni ile ile, wageni walipoondoka na Lynnet alipomaliza kuosha glasi na kupanga ofisi, niliicheza video kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haikukwama hata mara moja. Kesho yake nikaicheza tena. Nilikuwa naitazama bila sauti, maana Lynnet akiwa kwenye hesabu hataki kusikia hata kijiko kikigonga kikombe, na kwangu sauti haikuwa na faida, kwani Mama Scovia alizungumza Kijaluo kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaona picha inatembea, nikaridhika.

Mara ya pili tuliwaalika akina mama wa kikundi jirani. Ikajifunga. Safari hii Mama Scovia alikuwa ameketi mstari wa mbele na gauni la kanisani.

“Hiyo mashine inajua kuchagua,” alisema kwa Kiswahili, pole pole. “Mitumbwi inaonyesha. Beseni inaonyesha. Ikifika kwa Scovia inakataa.”

“Mama, si hivyo,” nikasema.

“Lynnet aliniambia mkiwa wenyewe inaenda mpaka mwisho. Ni ukweli ama ni uongo?”

Lynnet akatazama sakafu. Nilitamani kumrushia kiti.

“Ni ukweli,” nikasema.

“Haya basi,” akasema Mama Scovia, na hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Phelesia, akaondoka na soda yake mkononi bila kuionja.

Mama Phelesia alibaki amesimama. Nilimwambia ninaweza kumpelekea Mama Scovia video kwenye simu, aone kwamba yumo. Akatikisa kichwa. “Yeye anajua yumo. Anataka tuione tukiwa naye, na mimi nikiwa hapo. Ukimpelekea kwa simu ni kama umemwekea chakula nje ya mlango.” Yeye mwenyewe alikuwa amekataa kuitazama peke yake tangu mwanzo, akisema hajazoea kula kabla ya wageni.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Kazi nyingine ningepata. Lakini wanawake hawa wawili walikuwa wametoka mbali sana kufikia kuketi chumba kimoja, na sasa mmoja aliamini kwamba mwenzake amempanga fundi amfute. Video ikishindwa mara moja zaidi, wangerudi kule kule kwenye kimya chao, na safari hii kwa sababu yangu.

Nilifanya kila kitu. Nilifuta pleya nikaiweka upya. Nilileta pleya nyingine. Nilitoa video kwenye flashi nikaiweka ndani ya kompyuta, kwa sababu flashi zina tabia mbaya. Nilisaka virusi, nikapata viwili, nikaviua kwa furaha. Nilimpigia simu Joyline akanitumia nakala nyepesi zaidi. Nilimpigia pia rafiki yangu Tony anayetengeneza kompyuta Migori mjini, akaniuliza maswali ambayo nilishajiuliza, kisha akasema, “Omera, ndugu yangu, labda hizo mashine zina haya.” Nilikata simu. Baada ya kila jaribio niliicheza video yote, na kila mara ilitembea mpaka mwisho bila tatizo.

Mara ya tatu tulimwalika Mama Scovia na wazee wachache wa kamati tu. Nilikuwa na uhakika hata nikavaa shati jipya. Ikajifunga pale pale, mdomo wake ukiwa wazi.

Mama Scovia hakuinua sauti. “Mwenyekiti,” alisema, “mimi nimetoka kwa kikundi. Jumatatu nitakuja kuchukua vitambaa vyangu. Mtu hafuniki mashine ya mtu asiyemtaka.”

Nilishinda siku nzima nimekasirika. Nilimkasirikia Lynnet, nikamkasirikia Tony, nikaikasirikia satelaiti yoyote iliyokuwa inapita juu yetu. Halafu, kwa kuwa hasira huchosha, nilikaa chini nikajiuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Video ni ile ile, kompyuta ni zile zile. Siku ya wageni tunafanya nini ambacho hatufanyi siku nyingine?

Ijumaa asubuhi nilimwambia Lynnet, “Leo tuna wageni.”

“Nani?”

“Hakuna mtu. Lakini wewe fanya kila kitu kama wanakuja. Usiache hata kimoja.”

Alinitazama kama anayepima kama nimekunywa. Lakini Lynnet akipewa kazi huifanya. Alifagia, akamwaga maji mlangoni kutuliza vumbi, akapanga viti, akatoa soda. Mimi nikaunganisha spika. Kisha akafungua kasha la chini ya meza yake, akatoa vitambaa vitatu vya Mama Scovia, vimepigwa pasi na kukazwa kwa wanga wa muhogo hadi vinasimama vyenyewe, akavivisha sipiyu zote tatu, akavivuta pembeni maua yakae sawa.

“Hivyo huwa unavitoa lini?” nikamuuliza.

“Wakija wageni. Wakienda navitoa navirudisha, visichafuke.” Akaongeza, “Kwani kwenu vitambaa vizuri mnaweka kila siku?”

Kwetu pia hatuweki kila siku. Vikombe vizuri ni vya wageni, blanketi zuri ni la wageni, na vitambaa vya makochi mama yangu hutoa akisikia tu hodi ya sauti asiyoijua. Ndiyo maana sikuwa nimeviona. Nilikuwa nimeviangalia mara tatu kwa macho yangu mawili nikaona heshima tu.

Nikacheza video. Mitumbwi, beseni, Mama Scovia na omena viganjani, mdomo wazi, ikajifunga. Niliingiza mkono chini ya kitambaa na nikautoa haraka. Sipiyu ilikuwa moto kama sufuria ya ugali. Kompyuta zetu ni kuukuu, zina matundu ya hewa juu na ubavuni, na video ni kazi nzito kwao. Ile satini ya ndani ilikuwa imenyonywa na feni ikaziba kila tundu. Joto likipanda, sehemu inayochora picha inalemewa, na pleya ndiyo ya kwanza kuanguka. Muda wa Mama Scovia kufika kwenye skrini ulikuwa tu ndio muda ambao kompyuta ilihitaji kuiva.

Nilicheka mpaka Lynnet akanikataza. Nilifurahi sana, sitaficha. Nilikimbia hadi kwa Mama Phelesia nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikamaliza kwa kusema, “Kwa hivyo tunamwambia tu Mama Scovia kwamba shida ni kitambaa.”

Mama Phelesia alikuwa anachambua mchele. Hakusimama. “Unamwambia nani?”

“Mama Scovia.”

“Kwamba kile kitu alitupatia, cha kwanza tangu tuzike mzee, ndicho kinaharibu mashine.”

Nikavuta kigoda nikaketi.

“Maroa nyathina, mwanangu, wewe ni fundi mzuri. Lakini atasema ni mimi nimekutuma. Atasema nimemkataa kwa video, sasa nimemkataa kwa kitambaa.” Alipuliza makapi. “Nyamaza kwanza. Nitatafuta maneno.”

Jumatatu ilifika kabla hajayapata. Alikuja ofisini mapema, akamwagiza Lynnet avivishe vile vitambaa, ili Mama Scovia akija asivikute vimefungiwa kwenye kasha akadhani vilitupwa. Kompyuta zote zilikuwa zimewashwa. Tukakaa tukisubiri kama watu walio nje ya ofisi ya chifu.

Mama Scovia aliingia na ule ule mfuko aliovileta nao. “Mwenyekiti, nimekuja kuchukua vitu vyangu,” alisema kwa Kiswahili. Mama Phelesia aliinuka, akaketi tena. Mama Scovia akavua kitambaa cha kwanza, akakikunja mara nne vizuri, akakitia mfukoni. Akachukua cha pili. Alipovua cha tatu, kile cha kompyuta yangu, subira yangu, ambayo nimeshasema sina, ikaisha.

“Mama, weka mkono hapa.”

“Niweke wapi?”

“Hapo juu. Mahali umetoa kitambaa.”

Aliweka, na akauondoa upesi. Akanitazama, akaurudisha pole pole, akaupitisha ubavuni mwa sipiyu mpaka alipoyapata matundu. Huyu ni mama ambaye maisha yake yote ni kuhakikisha upepo unapita chini ya samaki. Sikuwa na haja ya kumfundisha.

“Haipumui,” alisema.

“Haipumui.”

“Ni kitambaa.”

“Ni kitambaa, mama. Si mtu.”

Akamgeukia Mama Phelesia. “Ulijua?”

“Tangu Ijumaa.”

“Na hukuniambia.”

“Ungesema nimemtuma Maroa.”

Mama Scovia alikitia kitambaa cha tatu mfukoni. “Ningesema,” akakubali. Kisha akavuta kiti, akakaa pembeni kabisa, mfuko mapajani. “Washa hiyo kitu.”

Nilifungua madirisha yote, nikasubiri sipiyu ipoe, nikacheza video, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Mitumbwi ikapita, beseni zikapita. Omena viganjani, mdomo wazi, na nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mdomo ukafunga, ukafunguka, Mama Scovia akaendelea kuongea. Akaonyesha namna ya kuwaosha samaki, akawatandaza kwenye chanja, akawageuza kwa viganja, upesi, bila kumvunja hata mmoja. Mama Phelesia alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila hatua.

Kuelekea mwisho, Mama Scovia wa kwenye kiti alisimama ghafla akasema ana kuni nje na mvua inaweza kunyesha. Hapakuwa na wingu. Mama Phelesia alimshika mkono bila kuondoa macho kwenye skrini, akamkalisha.

Kwenye skrini, chanja lilikuwa limejaa, jua likimulika samaki. Joyline aliuliza kitu kutoka nyuma ya kamera. Mama Scovia alipangusa mikono kwa leso, akaitazama kamera sawasawa, akasema, “Ma nopuonja nyieka.” Akaendelea kwa muda. Nilimgusa Lynnet anifasirie. Alininong'oneza huku anafuta macho kwa kiganja.

“Anasema, hii nilifundishwa na mke mwenzangu. Anasema, nililetwa hapa kutoka kwenye ndizi, sijui hata kushika samaki, watu wakanicheka. Yeye alikuwa na haki ya kunichukia. Lakini alinipeleka ufuoni akanishika mikono, akanionyesha kugeuza, kila asubuhi, mpaka nikaweza. Anasema sijawahi kumwambia asante.”

Video ikaisha. Pleya ikabaki wazi, skrini nyeusi, feni ikizunguka kwa raha zake. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akikingoja mwanamke huyu mara tatu kwenye mstari wa mbele, na alichodhani amejibiwa kila pleya ilipojifunga.

Mama Phelesia alikuwa bado amemshika mkono. Alisema kitu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, Mama Scovia akamjibu, sasa kwa Kijaluo, na Lynnet akaanza kucheka na kulia kwa pamoja hata ikabidi nimsubiri.

“Mama Phelesia anasema, si ungeniambia tu nyumbani.”

“Na Mama Scovia?”

“Anasema, nyumbani ungenijibu.”

Mama Phelesia alivuta pumzi ili ajibu, na sote tukaiona ile sauti kubwa ikimjaa kifuani. Akaishusha. Alisogeza kiti chake kikagusana na cha mwenzake, akaniambia nirudishe nyuma, pale pa mwisho.